Bunduki ya Upepo na Mkono wa Kushoto

Jumanne, 8 Agosti 1905

Baridi. Ukungu haukutoka bondeni mpaka jua lilipopanda juu kabisa. Nimechuna ndege asubuhi yote. Pamba ndani, dawa ya unga mweupe kwenye ngozi, karatasi mguuni. Vidole vinanuka dawa hata baada ya kunawa.

Bwana wa Ndege kakasirika. Hivyo ndivyo watu wa hapa bomani wanavyomwita huyu Mdachi mkusanya ngozi za ndege, ninayemwindia. Kainua ngozi ya kulukulu dhidi ya dirisha, mwanga ukapita kila mahali. "Saidi, huyu si ndege. Huyu ni chujio." Kweli. Gobori langu linatema chembe nyingi mno za marisau kwa kiumbe kidogo.

Kasema inakuja bunduki isiyotumia baruti. Inapiga kwa upepo. Nimemwitikia, ila sikusadiki. Mchana kutwa nikajiona kama ninayepuliza tu, na ndege wanashuka.

Alhamisi, 10 Agosti

Wapagazi wamefika kutoka pwani. Sanduku refu. Ndani hazikuwa moja, zilikuwa mbili. Bwana kasema nichague moja. Nyingine itapelekwa kwa rafiki yake huko Ziwa Nyasa.

Sijawahi kuchagua kitu cha Mzungu. Huwa napewa.

Ya kwanza ni kubwa, nzito, inang'aa. Ina mpini wa kuzungusha ili ijae upepo, uko ubavu wa kulia. Kitako kimechongwa mahali pa kulaza shavu. Ni shavu la mtu wa kulia. Mimi ni mashoto. Nilipoiweka bega langu, ule mchongo ukanisukuma uso kama mtu asiyetaka nimkaribie.

Ya pili nyembamba. Mtutu unavunjwa shingoni, unaweka kirisasi, unaurudisha. Kitako laini pande zote mbili.

Utotoni, mwalimu wa Lindi aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kamba. Kuandika kukahamia kulia, ndiyo maana naandika hivi, kwa mwandiko huu mbaya. Kulenga hakukuhama. Jicho la kulia ninalo la kutazamia njia tu. La kushoto ndilo linaloona.

Jumapili, 13 Agosti

Nimezijaribu zote kwa ubao wa mninga. Kubwa ikatoboa. Ndogo, kirisasi kikakwama ndani ya mti.

Bwana anataka nichukue kubwa. Nimefikiri sana. Kubwa ina nguvu, lakini kila baada ya pigo lazima niishushe, niigeuze, nitafute mpini kwa mkono usiozoea. Ndege hangoji hayo. Ndogo inataka nisogee karibu mno. Kusogea naweza. Napenda kusogea.

"Ndogo, bwana."

"Ni ya kuchezea hiyo."

"Haijui kulia wala kushoto."

Kacheka, kanipa. Nimetembea nayo hadi nyumbani bila kuona njia. Mke wangu Zena kauliza kama naumwa.

Jumatano, 6 Septemba

Miombo imechipua majani mekundu. Ukitembea chini yake ni kama uko ndani ya taa. Bunduki hii haitoi mlio, ila pumzi. Ndege chozi alikuwa ananyonya ua, akaacha, akashuka taratibu kama aliyebadili nia. Wenzake hawakuruka hata. Nikakaa pale muda mrefu. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Pengine hakuna.

Njiani watu wanasalimia kwa haraka na kuangalia pembeni. Kuna maji, wanasema. Dawa kutoka kaskazini. Mtu akinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi humdondokea kama matone ya mvua.

Jumatatu, 18 Septemba

Misheni imechomwa na watu wa maji. Askari wanachimba handaki kuzunguka boma. Bwana hanitumi tena mbali. Nawinda mtoni, karibu na shamba letu, basi.

Zena ni Mngoni wa Maposeni. Alisilimu nilipomwoa. Hana habari za nduguye Komba, na halali vizuri. Mimi ni Myao, mla chumvi ya boma. Kwa kina Komba mimi ni adui. Kwa askari, mke wangu ni adui. Nyumba moja, adui wawili, chungu kimoja cha ugali.

Naogopa. Naandika niione hofu yenyewe ikoje. Ni neno fupi tu.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimeota mto wetu unapanda kilima kurudi ulikotoka, na watu wamekaa ndani yake wametulia, wakinitazama. Komba alikuwa miongoni mwao. Hakuwa na huzuni.

Mchana nikaenda shambani na bunduki. Sikupiga kitu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Niandike ya leo.

Alasiri tulikuwa shambani, mimi na Zena, tukisafisha kabla ya mvua. Komba akatokea kwenye matete. Amekonda, uso unang'aa mafuta, kipande cha mwanzi chenye yale maji kimening'inia shingoni. Sikuwahi kumwona mzuri vile. Alikuwa kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mtamu na bado anausikia.

Kamjia dada yake. Kasema mji utapigwa, kila aliye upande wa boma atakufa. "Fungasha, dada. Na wewe shemeji, njoo. Utapewa maji. Sikuchukii."

Nikamwambia risasi inaingia mwilini. Nimeziona zikiingia.

"Hazikuwaingia waliokunywa."

"Zitawaingia, Komba."

Akaitazama bunduki yangu. Akauliza kama ni ile isiyo na baruti, inayosemwa. Nikaitikia. Akasogea mpaka kwenye kisiki, akasimama, akafungua mikono.

"Nipige. Ikiwa maji, mnakuja nami leo hii. Ikinitoboa, nabaki na nyinyi. Naapa kwa baba yetu mimi na Zena."

Nilikataa. Zena alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Nikamtazama anikataze. Badala yake kasema kwa sauti ndogo sana, "Mpige, mume wangu. Mpige pasipoua. Akienda huko hatarudi."

Ningekuwa na ile kubwa nisingethubutu. Ingevunja mfupa.

Nikavunja shingo ya bunduki, nikaweka kirisasi. Bega la kushoto. Shavu. Kila kitu kikawa mbali na kimya, kama chini ya miombo. Komba alikuwa akitabasamu. Nikalenga nyama ya nyuma ya mguu, iliyojitokeza pembeni.

Pumzi.

Hakulia. Aliinama, akagusa mguu, akatazama vidole vyake vyekundu. Akavitazama kwa mshangao, kama damu ni ya mtu mwingine aliyekuja kuiegesha pale. Kisha akanitazama mimi, na sura ile nzuri ilikuwa imeondoka.

"Ni mkono wako," akasema. "Umepiga kwa mkono mchafu. Mkono wa kushoto unaharibu dawa. Ungenipiga kwa wa kulia!"

Akaanza kuondoka. Akaanguka kwenye matete.

Jumanne, 17 Oktoba

Komba tulimbeba usiku ule, yuko jikoni kwetu, nyuma ya marundo ya kuni. Mguu umevimba kama gogo. Kirisasi kimo ndani, hakitoki. Ana homa. Anasema atakwenda kwa wenzake kesho. Kesho ikifika anasema kesho.

Hasemi nami. Kwa Zena anasema, anapokuwa na nguvu. Nikiingia anageukia ukuta.

Nimemjeruhi ndugu wa mke wangu. Sentensi hiyo ni rahisi kuandika.

Jumapili, 22 Oktoba

Habari zimefika bomani na askari waliorudi. Waliikuta kambi ya Wangoni asubuhi, wakawafungulia bombomu, ile bunduki inayotapika bila kupumzika. Wapiganaji walikuja wakiimba. Askari mmoja alikuwa akisimulia huku akila mhogo. Alikoma katikati, akauweka chini, hakuumaliza.

Nikaenda nyumbani. Nikasimama mlangoni mwa jiko. Komba alikuwa amesikia tayari. Zena alimwambia. Alikuwa akitaja majina ya wenzake kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Yaliendelea. Hayakwisha.

Alhamisi, 2 Novemba

Niandike kwa mfuatano, maana kichwa kimejaa moshi.

Askari wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Mwanamume yeyote mwenye jeraha la risasi ni mtu wa maji. Hakuna swali la pili. Leo wamefika kwetu. Wakamtoa Komba nyuma ya kuni kwa kumburuta, wakamweka mstarini uwanjani, pamoja na wengine wa kuuawa. Mguu umefungwa kitambaa, kila mtu anauona.

Jeraha nililompa ili asife ndilo limemfikisha pale.

Nilikimbia kwa Bwana wa Ndege. Nilimkuta mezani na ngozi zake. Nikamwambia yote. Kwamba yule ni shemeji yangu. Kwamba alikunywa maji. Kwamba nimempiga mimi, kwa bunduki yake, na kwa nini. Nilipiga magoti. Sikuwahi kumpigia magoti kabla ya leo.

Akachukua kisu chake kidogo na koleo ya kuchunia, akatoka.

Mbele ya sajini akamkalisha Komba chini, akafungua kitambaa. Akamkata pale pale. Komba alinikazia macho muda wote, hakupepesa. Bwana akatoa kitu kidogo, akakifuta, akakiweka kiganjani. Kirisasi cha ndege. Kilikuwa kidogo kiasi cha kuchekesha.

"Huyu nimempiga mimi," akamwambia sajini. "Nilikuwa nawinda mtoni. Bahati mbaya. Mchukue, Saidi."

Amesema uwongo mbele ya askari wote, kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza chai.

Nikamwinua Komba. Tukapita mbele ya mstari. Wale wengine walitutazama. Mmoja alikuwa wa Maposeni, amekua na Komba. Alimtaja Komba kwa jina, mara moja tu, wala si kwa kumwita. Komba akataka kurudi. Akasukuma kifua changu kwa nguvu zote zilizobaki. Nikamshika. Nikambeba kama gunia.

"Ungeniacha," akasema. Basi. Hajasema tena.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimeitwa nirudishe bunduki. Bunduki imo sandukuni, sanduku limefungwa. Bwana hakunitazama. Alikuwa anaandika jina la ndege kwenye karatasi ya mguu, kwa herufi ndogo nzuri.

"Ile haikuwa kwa ajili ya watu, Saidi."

"Ndiyo, bwana."

"Kesho usije."

Nimerudi mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza vidole havinuki dawa. Nilitarajia nitasikia uchungu. Nimesikia usingizi tu.

Alhamisi, 11 Januari 1906

Mvua. Maghala yamechomwa vijiji vyote, mbegu zimeliwa au zimeteketea. Watu wanachimba mizizi porini. Wanatembea polepole sana barabarani, kama wanaotembea ndani ya maji. Wengine wanakaa kupumzika, na hawaondoki tena.

Komba anatembea kwa fimbo. Anachimba mizizi na Zena. Analala tena ndani, si jikoni. Nikimpa chakula anapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na kunyamaza. Ningependa anitukane.

Jumatano, 28 Februari

Wamenyongwa wakubwa wa Wangoni, hapa mjini. Watu waliamriwa waje watazame. Nilikwenda. Zena hakwenda. Komba alikwenda, akasimama peke yake upande wa pili wa umati, wima, fimbo mkononi. Hakuitegemea hata kidogo. Sijui maumivu yake.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 16 Machi

Mvua imepungua. Komba amemwambia dada yake anataka kuona kwao. Zena ana homa kidogo, hawezi. Akaniomba nimpeleke. Komba hakukataa.

Tulikwenda asubuhi. Nyasi zimefunika njia, ndefu kuliko sisi, zimejaa umande. Ilikuwa kama kupita kati ya watu wengi wasiotazama. Maposeni palikuwa kimya. Nguzo nyeusi za nyumba, na maboga yamejiotea yenyewe juu ya majivu, yametambaa mpaka yanapotaka. Maua yake ya manjano wazi.

Komba alikaa pale palipokuwa mlango wa baba yao. Nikakaa mbali kidogo. Upepo ulipita kwenye majani. Tulikaa mpaka kivuli kikahama.

Alipoinuka mguu ulikuwa umekaza. Nikatangulia, kwa sababu sikujua la kufanya, nikashuka kuelekea mtoni. Maji yalikuwa yamejaa, mawe yanateleza. Nilikuwa nimeshafika katikati niliposikia sauti yake nyuma yangu, nzito, sauti asiyonipa tangu siku ile ya uwanjani.

"Shemeji. Tembea polepole."

Nikasimama. Maji yalinipita magotini, ya baridi. Nikamngoja.