Mama Amechuna Projekti Yangu

Alhamisi

Wiki tano nimepima machipukizi ya laini moja ya michai shambani kwetu kwa rula, na leo yote yameenda kiwandani. Nilitoka shule nikamkuta mama amefurahi. "Chebet, ile laini uliiacha ikomae bure. Nimekuchunia, ndio upate muda wa kusoma."

Hiyo laini ndiyo projekti yangu ya Kilimo! Jumatatu mwalimu anataka vipimo vya wiki ya sita. Insha ya Historia sijaanza, na Kemia sielewi hata swali moja.

Nilikuwa nimeifungia hiyo laini vitambaa vyekundu ili isiguswe. Mama alivifungua polepole, akavifua.

Nilisema asante. Ningesema nini, na vidole vyake vimekuwa vyeusi hivyo kwa utomvu wa chai?

Wiki ya sita sijui niandike nini. Vitambaa viko kwa kamba, safi kabisa.