Kimeo cha Petro Kisiguswe

Mama Petro,

Nani kakutuma umwitie mjukuu wangu mkata vimeo? Mtoto akiumwa koo ndiyo apitishwe kisu? Nyie wakwe mna haraka.

Hapa Kasansa Rosa, mtoto wa wifi yako, naye aliwaka homa, hata mate hamezi. Mzee wa kukata vimeo alishakaa uani ananoa kisu. Nikambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Mganga akamkandamiza ulimi kwa kijiko, akasema, "Bibi, kimeo, hiki kinyama kinachoning'inia kooni, hakina kosa. Ni vijidudu, koo limejaa usaha." Akamchoma penisilini, na tukawa tunarudi kila siku mpaka sindano zote zikaisha.

Leo Rosa kala wali mpya kwa kambare, akagombania hata ukoko. Yule mzee alipita, tukampa sahani. "Bibi, umeniharibia kazi," akanung'unika. Nikamwambia, "Koo lako zima, kula."

Mpunga umeiva, nyumba yote inanukia, nami nimenenepa. Kadi hii nimeandika mwenyewe. Kwenye kisomo cha watu wazima sikukaa bure.

Nawakumbuka wote, hata wewe mkaidi. Ukimaliza kusoma, mbebe Petro umpeleke zahanati. Chai utakunywa ukirudi.

Bibi yenu