Moyo Sawa

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa baba yako.
9 Juni

Mpendwa Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Mumeo na watoto hawajambo? Mimi shangazi yako bado napumua, ila ngazi tatu za mlangoni sasa ni safari. Daktari haniambii kitu, ananipigapiga begani tu. Nimefanya kazi hospitalini miaka thelathini. Lugha hiyo naijua.

Barua yako imefika. Kumbe binti yako ana mimba ya miezi minne! Nilifurahi hadi nikadai chai ya pili. Ila uliposema kwamba picha ya ultrasaundi ikitoka safi utalala usingizi, niliomba kalamu hapo hapo.

Unaikumbuka siku nilipokupima mimba yako ya kwanza? Mtoto alinipa mgongo, hataki kugeuka. Ukasema, "Shangazi, huyu kanuna kama baba yake," tukacheka mpaka kifaa kikaniponyoka. Foleni ya wajawazito ilifika mlangoni. Moyo sikuuona vizuri. Nilipaswa kuandika, "Moyo haukuonekana sawasawa, arudi wiki ijayo." Niliandika, "Moyo sawa."

Aliishi siku kumi na moja.

Msibani, wakwe zako waliposema ni vile vidonge vya kichwa ulivyomeza, nilikuwa nimekaa benchi moja nawe. Nikanyamaza. Daktari wa watoto alikuwa ameshanieleza kwamba moyo uliumbika na kasoro, na vidonge vyako havikuhusika. Miaka ishirini na sita umejilaumu, nami nakutazama.

Siwezi kuapa kwamba angepona. Huenda hata ungerudi kasoro ile ingenipita. Mashine hupitwa na mengi. Lakini ungejifungulia penye madaktari wa moyo. Nafasi hiyo nilikunyang'anya mimi.

Mwambie binti yako: kipimo cha damu cha kuchunguza kasoro za mtoto kikionyesha hatari kubwa, hiyo bado si hukumu, apimwe zaidi. Picha ikiwa safi, si kiapo. Kabla hajashuka kitandani amuulize mpimaji, "Ni kipi hukukiona?" Wewe hukuniuliza, kwa kuwa nilikuwa shangazi yako.

Baba yako anakusalimu. Amenishikia karatasi isiteleze, nimemkataza kusoma kabla yako. Msalimie mumeo, na huyo mjukuu ajaye mwekee mkono kwa niaba yangu. Mungu amlete salama, na wewe akutue mzigo huo.

Usipojibu, nitaelewa.

Shangazi yako akupendaye,
aliyekupima.