Maganda ya Chuma na Bunduki ya Marehemu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Ng'ombe tisa wamekwenda. Mchana kweupe, watu wako kanisani. Wanaume wanne wenye mapanga walimkuta Boke na mifugo pale lambo, mmoja akamkata mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Nimeona mfupa. Nimemfunga kwa khanga yangu mpya. Hakulia.

Boke ni mkamwana wangu. Nilimuoa mwenyewe kwa ng'ombe kumi na wanne, kwa sababu Mungu alinipa mabinti watano halafu akafunga mkono. Akaizalia nyumba yangu Vincent. Basi Vincent ni mjukuu wangu, na ndiye nyumba yenyewe.

Vijana wa kijiji wamekuja kufuata nyayo baada ya saa nzima. Saa nzima! Wamerudi na nyasi kwenye suruali, wakaomba togwa.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Neema amenikuta kisimani. Akawaambia wenzake, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba wezi nao wanajua pa kuingia. Kwamba ile ni nyumba ntobu, wanawake wameoana wenyewe kwa wenyewe, mwanaume wa kupiga yowe atoke wapi. Nimempiga fimbo ya mdomo. Jino moja limetoka. Jioni mume wake akaja kunilalamikia, nikamwambia akitaka jozi amlete tena.

Lakini maneno yale yamelala tumboni kwangu kama ugali mbichi.

Nimempigia Vincent simu. Yuko Natta, kambi ya wawindaji, anawabebea Wazungu pembe na nyama. Nimemwambia aombe ruhusa, aje ashike bunduki ya babu yake.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Vincent amefika na bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Ameniamkia, akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akauangalia ule mkono. Ana miaka ishirini na sita na bado hajui kukasirika. Hilo limetoka kwa Boke.

Baadaye akafungua leso. Maganda ya risasi sita, matupu. Yetu ni ya shaba, ya njano. Haya ni ya kijivu, ya chuma, mazito. Anasema wawindaji wa mwaka huu wamekuja na bunduki mpya na risasi za namna hii, nguvu yake si mchezo. Mmoja alimwangusha nyati kutoka mbali, mnyama akakunja magoti kabla mlio haujafika. Wakimaliza wanatupa ganda, yeye anaokota.

Nikatoa bunduki ya marehemu mume wangu nyuma ya magunia. Kibali chake kilizikwa naye, najua, asinifundishe mtu. Nikaingiza ganda moja. Limeingia hadi mwisho na komeo, kile chuma cha kufungia nyuma, likafunga. Kipimo kile kile! Nikamwambia Vincent, kesho kwa Tomaso.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Tomaso ni mhunzi wa hapa Busawe. Mchana anafua majembe. Watu wanaolinda mifugo wakimpelekea maganda, anayajaza upya baruti na risasi, kimya kimya. Mkewe Dorka, Mjaluo, alikuwa anakaanga samaki pale nje, akanipa kiti.

Tomaso akageuza lile ganda, akaligonga kwa kucha, akalirudisha mkononi mwangu. Akasema chuma cha namna hii yeye hakijui. Shaba anaijua, ukikosea shaba inakuonya, inapasuka shingo ukaiona ukaitupa. Chuma hiki hakisemi. Akasema atajaza kidogo tu, kama anavyojaza za shaba.

Kidogo! Nikamuuliza wezi nao watakuja kidogo? Wazungu wanajaza mpaka nyati anapiga magoti, yeye anajaza kama anatia chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Ganda la chuma limetengenezwa lijazwe. Hata mimi wa darasa la nne naliona hilo.

Akasema, "Mama, ganda litavumilia. Bunduki ya mzee haitavumilia."

Nikamwambia bunduki ya mume wangu imeua simba wawili kabla yeye hajaachishwa ziwa. Ajaze kama nilivyosema, la sivyo Jumamosi nasimama mnadani natangaza kwamba fundi wa Busawe mkono umekufa.

Vincent akasema, bibi, tumsikilize fundi. Nikamgeukia. "Nyamaza, mura. Ndiyo maana wanasema nyumba hii haina mwanaume."

Tomaso akajaza zote sita, kama nilivyotaka, bila kuniangalia usoni. Dorka aliacha kugeuza samaki, wakaungua upande mmoja.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Wamerudi. Saa kumi jioni, lambo lile lile, watu wamekwenda mnadani. Nilijua watarudi, mwizi aliyeshiba mara moja huona boma ni lake. Mimi na Vincent tulikuwa kwenye kichuguu tangu mchana, ng'ombe waliobaki wako majini.

Wanne tena. Yule wa mbele alikuwa anacheka.

Vincent alipiga risasi ya kwanza. Sijawahi kusikia mlio kama ule, ardhi iliruka. Yule mwenye kucheka ilimpata kifuani, akaenda nyuma hatua mbili kama aliyesukumwa, akakaa majini. Maji yakawa mekundu, ng'ombe wakakataa kunywa.

Vincent akavuta komeo. Limekwama. Akavuta tena, halitoki. Akaniambia bibi, imegoma, tupige yowe tu. Mimi nikaokota jiwe nikampa. Akagonga komeo kwa jiwe mpaka likafunguka, ganda likatoka limevimba. Nililiona limevimba. Nikamwambia, "Piga tena!"

Ya pili haikuwa mlio wa bunduki. Ilikuwa kama sufuria ya shule imepasuka ndani ya kichwa changu. Komeo likarudi nyuma likamwingia chini ya jicho la kulia. Mti wa bunduki ulipasuka vipande, vidole vitatu vya mkono wa kushoto sikuviona tena. Alisimama. Alisimama hivyo hivyo na chuma usoni, akanitazama kwa jicho moja, halafu akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka kulima.

Yowe nilipiga mimi.

Vijana walimkamata mwizi mmoja mtoni, wakamkata kwa mapanga mpaka hakuna aliyemtambua. Niliangalia. Sikusikia raha niliyoitegemea.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Hospitali wametaka kwanza fomu ya polisi. Kijana damu inatoka, wao fomu. Nilimwita mganga yule mtoto wa mbwa, mbele ya wagonjwa.

Askari amekuja, ameuliza bunduki ya nani, nimesema ya marehemu, mkamfunge kaburini. Ameuliza nani alijaza risasi. Nimesema sijui.

Wiliam, mtoto wa shemeji yangu, alikuwa nyuma yangu. Akasema yeye anajua. Akamtaja Tomaso.

Boke anakaa kwenye sakafu pembeni ya kitanda, anamshikia Vincent ule mkono ulio mzima kwa mkono wake ulio mzima. Mdomo wa Vincent umefungwa bandeji. Hawezi kusema.

Nimeshukuru hawezi kusema. Mungu anisamehe, nimeshukuru.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Vincent amefariki. Saa tatu asubuhi.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Mazishi ni kesho. Leo wanaume wa ukoo wamekusanyika uani kwangu, wengine sijawaona tangu msiba wa mume wangu. Sasa wote ni ndugu zake Vincent.

Wamemleta Tomaso. Walimkamata njia ya Sirari, ya kwenda mpakani, hakuwa na mzigo wowote, anakimbia tu. Wamemfunga kamba ya ng'ombe. Wamempiga sana, sikio moja linaning'inia. Wiliam anasema alilipwa na wezi, aliweka baruti mbaya makusudi ili nyumba yangu ife. Watu wanaitikia. Nyumba yake wameshaichoma, moshi nauona kutoka hapa. Kuna mtu ana petroli kwenye chupa ya soda.

Tomaso hasemi. Wamemuuliza nani alikuagiza, hasemi. Ananiangalia tu, halafu anaangalia chini.

Dorka alikuja kwa njia ya nyuma, miguu mitupu. Akapiga magoti jikoni kwangu. Nilidhani atalia. Hakulia. "Mama, nilikuwepo," akasema. Basi. Akaondoka. Nani atamsikiliza Mjaluo mbele ya Wakurya wenye petroli? Anajua. Ndiyo maana alikuja kwangu.

Mzee Nyangwine, mkubwa wa ukoo, amesema hakuna atakayemgusa tena fundi mpaka mwenye nyumba atoe neno. Mwenye nyumba ni mimi. Nimesema naingia ndani kuvaa khanga ya msiba. Nimeivaa zamani. Sasa naandika.

Nikisema Tomaso ndiye, atakufa kabla ya chai. Nikisema mimi ndiye, hawatanigusa, nani atampiga bibi mwenye mvi. Lakini Boke atasikia. Kijana wake mmoja. Niliyempa jiwe agonge ni mimi. Atachukua nguo zake atarudi kwao, na ng'ombe wangu kumi na wanne watakuwa wamenunua nini? Kaburi. Neema atacheka na pengo lake.

Sijawahi kuomba mtu samahani tangu niolewe. Hata maneno yake siyajui yanaanzaje.

Wiliam anapiga kelele huko nje, mama anafanya nini. Nimemjibu dirishani afunge mdomo, uani kwangu mimi ndiye napiga kelele. Akafunga.

Boke ameingia. Mkono kwenye kitambaa, macho makavu. Amesema, "Mama, wanakungoja."

Nimemwambia afunge mlango akae. Wakingoja, wangoje. Nina neno lake kwanza kabla ya lao.

Amekaa. Anaangalia kalamu inavyokwenda. Hajui kusoma. Itabidi niseme kwa mdomo.