Hatua Tisini za Nani?

Mzee wangu Mhando,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo umezoea.

Tangu tukuzike Kang'ata, mwezi wa tatu sasa, fimbo yako ya unyapara naishika mimi. Asubuhi natangulia shambani kuwapimia wakata mkonge ngwe zao, kila mtu sehemu yake ya siku, kama ulivyonifundisha: hatua tisini, kisha weka alama. Wiki ya kwanza tu Bwana Meneja alinisifu mbele ya manyapara wenzangu wa hapa Korogwe. Majani yameongezeka, akasema, huyu kijana anajua kazi kuliko marehemu. Nisamehe, mzee. Nilifurahi.

Ila Mzee Komba, yule Mngoni rafiki yako, akawa hamalizi. Na ngwe isiyokwisha siku yake haihesabiwi, wajua. Jumatatu nikamfuata nimkaripie. Nikamwambia tuanzie kwenye alama ya mwisho turudi mwanzo wa ngwe, anionyeshe alipopoteza muda. Tukatembea, yeye mbele na miguu yake iliyochoka, mimi nyuma, na kwa mazoea midomo yangu ikahesabu hatua zake. Tisini zikaisha, mwanzo wa ngwe bado mbali! Zikafika mia na kumi na nane.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Kila asubuhi ulikuwa unamwita: "Komba, hebu tutembee kidogo, unipe habari za Songea." Mimi nikidhani ni soga za wazee. Mkifika mwisho unaweka alama, na habari za Songea zinakatika hapo hapo, hata kama yuko katikati ya neno. Mzee, kumbe ulikuwa unahesabu miguu yake? Miaka yote ile? Na vijana wenye nguvu nao ukawapimia kwa hatua zile zile? Uliniambia tisini, hukuniambia za nani. Ulitaka nione mwenyewe, au ulidhani nimeshaona? Miguu yangu mirefu ulinitania nayo kila siku, basi si ungenionya!

Nilimwuliza Komba kwa nini yeye na wenzake hawakusema. Akajibu, "Tulidhani kila nyapara anakuja na ngwe yake." Neno hilo liliniuma kuliko tusi.

Jana asubuhi, watu walipokusanyika kabla ya kazi, nikawaambia wote kwamba kosa ni langu. Kisha nikaenda kwa Bwana Meneja, nikamwomba siku za Komba zilizopotea zirudishwe, nikamweleza kwamba majani aliyonisifia yametoka kwenye migongo ya wazee. Akasema mwisho wa mwezi ataona kama bado nafaa. Huenda fimbo hii nikanyang'anywa. Naogopa, sikufichi.

Lakini kuna jambo nalifikiria kuliko hilo. Wewe nani alikufundisha? Na yeye alitembea nyuma ya nani? Ningekuuliza ungali hai, ungecheka tu na kubadilisha mazungumzo, nakujua.

Pumzika, mzee wangu. Kwa siku nitakazobaki na fimbo hii, ziwe nyingi au chache, nakuahidi sitatangulia tena. Kesho nitamwita Komba, nimwombe habari za Songea, nami nitamfuata nyuma taratibu.

Mwanao wa kazi,
Athumani