Makofi ya Salongo

Jumapili. Kiangazi kimejaza hewa moshi, tangu asubuhi ziwa silioni, nasikia maji tu. Sijachoka. Ningepaswa kuwa nimechoka.

Wiki hii yote usingizi umenikimbia, wala sijali. Nimefua mapazia ya nyumba nzima, nikayaanika, yakakauka, nikayafua tena. Darasani naongea haraka mpaka watoto wananitazama midomo wazi. Niseme ukweli: sijawahi kuwa na raha kama hii.

Raha hii ndiyo inayonitisha.

Jana ilikuwa salongo, ile kazi yetu ya Jumamosi ya kusafisha mtaa, kila nyumba na kipande chake. Nilimaliza kipande chetu, nikaingia cha jirani, nikaendelea kufagia mpaka njia ya stesheni. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Nikasikia mtu anaimba kwa sauti nyembamba, hapumziki, nikageuka kumtafuta.

Ni mimi niliyekuwa naimba.

Shefu wa mtaa alinisimamisha mbele ya watu, akasema wote wafuate mfano wangu. Wakapiga makofi. Nikacheka, nikashindwa kuacha. Mama mmoja akasema nimefanana kabisa na papa wangu, na alisema kwa wema.

Papa, baba yangu, alikuwa nyuma yao, koleo mkononi. Hakupiga makofi.

Papa ana ugonjwa wa akili: anapanda kwa raha kupita kiasi, kisha anaanguka. Nilipokuwa mdogo alikesha akipaka nyumba yetu chokaa, halafu ya jirani, halafu kanisa, na watu wakamsifu. Baadaye alilala akitazama ukuta mpaka mvua zikaja zikaisha, na marehemu mama akimlisha kwa kijiko. Siku hizi anameza vidonge vyake, anashona nyavu, ametulia. Mimi nina jina la mama yake, ndiyo maana ananiita Mama. Habari za huyo bibi hakuna anayenisimulia.

Leo tulipotoka misa aliniuliza nalala namna gani. Nikamdanganya. Akanitazama mpaka nikasema kweli, kisha akaongea polepole.

“Mama, na miye walinipigia makofi. Hakuna muntu aliniambia: lala.”

Akanieleza kwamba sista wa hospitali alimwambia zamani: mtoto wa mgonjwa kama yeye anaweza kupatwa, si lazima apatwe, lakini aangaliwe, na akiwahi kutibiwa anasaidika. Basi ameniangalia miaka yote. Yale macho yake ya kunifuata uani na mezani, nilidhani ni ugonjwa wake.

Nilimwonea hasira, halafu nikamwonea huruma, yote ndani ya pumzi moja. Alikuwa analia. Nikamwambia nitakwenda hospitali.

Tunakwenda kesho asubuhi. Amekwisha kunyoosha shati lake.

Sasa nakaa mezani na kitu kimoja ambacho sikumwambia. Sehemu yangu moja inataka kwenda. Nyingine inasema huyu mzee ana wivu, anataka kuniangusha kitandani alikolala yeye, nichukue nguo zangu nipande gari-moshi kabla hakujakucha. Inaongea vizuri sana. Sauti ni yangu, na kuna nyakati sijui ni ipi inayoandika haya.

Kwa hiyo nimempa Papa ufunguo wa mlango, kabla ile nyingine haijajua.