Nafasi ya Mama Kati ya Makaburi Mawili

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Sisi tunaamka, na siku hizi huko ndiko tunakokuita uzima. Mama bado anavimba miguu. Dawa anameza akikumbushwa, na asipokumbushwa anasingizia kwamba amemeza. Mimi macho yanasumbua kidogo lakini cherehani inaendelea.

Barua yako ya pole ilifika, tukaisoma kwa sauti mbele ya Mama. Haya ninayoandika sikuweza kuyasema kwenye simu, maana simu yetu husikilizwa na nyumba nzima. Kaa kitako kwanza.

Unajua mdogo wetu Ngazi alikufa na wenzake kumi na mmoja kiwanda cha magodoro kilipoungua. Usiyoyajua ni ya mochwari. Mama hakuweza kusimama, kwa hiyo nilikwenda mimi kumtambua. Mhudumu alinifunulia watu ambao sitakueleza walivyokuwa. Nyuso hazikuwepo. Kwa wa tano niliona kipande cha ovaroli kimegandia gotini, na juu yake kiraka cha uzi wa kahawia, mishono miwili miwili, kama ninavyoshona mimi. Nikasema huyu ni wetu.

Sasa sikia ujinga wangu. Ovaroli za zamu nzima ya Ngazi nilizishona mimi, na viraka vya magoti niliviweka mimi, kwa uzi uleule, kwa sababu sikuwa na mwingine. Fundi gani anaona mshono wake akadhani amemwona ndugu yake? Tena alikuwa mfupi, Kaka. Ngazi wetu, aliyekuwa akiinama kuingia chumbani kwangu, alikuwa mfupi. Nilimuuliza mhudumu, akaniambia moto hupunguza mtu. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Sababu ya kutaka ni Mama. Tangu Baba azikwe, ana picha kichwani ya siku ya ufufuo, na ameishika kuliko dawa zake. Parapanda italia, makaburi yatafunguka, na watu watakuwa wengi kupita kiasi, kwa hiyo watu wa nyumba moja walale karibu wasije wakapotezana. Alitaka Ngazi alazwe hatua chache kutoka kwa Baba, katikati ibaki nafasi yake mwenyewe, ili akiamka amshike kila mmoja mkono. Kila jioni aliniuliza kama nimempata, maana bila kaburi hakujua siku hiyo amtafute upande gani. Ningerudi mikono mitupu? Nilirudi na mtoto wa watu.

Tulimzika vizuri. Mchungaji alihubiri ufufuo, kwaya ikaimba, na Mama alitoka makaburini akitembea mwenyewe. Akaanza kupata usingizi. Nami nikajipongeza moyoni, kumbe nilikuwa najipalia makaa.

Mwezi uliopita mhudumu wa mochwari aliniita. Mwili mmoja ulikuwa umebaki bila mwenyewe, na daktari alipoupiga picha ya eksirei aliona chuma mguuni. Chuma hicho unakijua, ulikuwepo Ngazi alipoanguka na baiskeli akawekewa. Ndugu yetu alikuwa kwenye jokofu muda wote huo, na sisi tunapanda maua juu ya mwenzake.

Na huyo mwenzake ana mama, ndiye pekee aliyekuwa hajapata wake. Ni mfagiaji wa shule, mwanamke mwembamba, na kijana wake alikuwa mpakiaji wa zamu moja na Ngazi. Kila siku baada ya kazi alikuwa akikaa kwenye benchi la mochwari na begi la nguo safi za mwanawe. Siku niliyotia sahihi kuchukua mwili nilimpita hapo hapo. Nilimsalimu, akaniitikia vizuri.

Siku nne nilikaa na jambo hili. Sitamsingizia Shetani, nililifanya mwenyewe. Nikawaza, Mama amebakiza muda gani? Aende na picha yake, nani atamwambia? Kisha nikawaza siku anayoingoja imefika kweli, makaburi yamefunguka, ananyoosha mkono, na anayeushika ni mgeni anayemtafuta mama yake. Mimi si mtu wa kutishwa na jehanamu, unanijua, hata mchungaji huukwepa mdomo wangu. Lakini hilo niliogopa. Asubuhi nikamwambia, hata kabla ya dawa.

Hakulia. Alisukuma kikombe cha chai kando, akauliza, "Huyo kijana ana mama?"

Nikasema anaye.

"Niletee."

Walikaa chumbani kwa Mama, mimi nimesimama mlangoni kama mshitakiwa. Yule mama alisema hataki mwanawe afukuliwe. Ameshaombewa, ameshafunikwa, na yeye hana nguvu za kuona kilichobaki. Aliomba tu aruhusiwe kwenda kumwona kaburini, kama vile lilikuwa letu kumkatalia. Mama akamwambia, "Pale kando yake pana nafasi yangu. Chukua wewe. Siku hiyo akiamka, akukute." Yule mama alilia mpaka nikaona aibu kuwa hai.

Ngazi tutamzika Jumamosi kwenye makaburi mapya ng'ambo ya reli, maana ya kanisa yamejaa. Mama ameandikisha nafasi hukohuko, karibu naye. Nilimuuliza, na Baba je, siku hiyo atakuwa peke yake? Akasema Baba amezoea kumngoja, tangu ujana wao yeye Mama hajawahi kutoka nyumbani kwa wakati. Nikacheka. Akageukia ukutani, na tangu hapo hajanisemesha. Leo ni siku ya sita. Dawa anapokea mkononi mwangu, lakini uso hanipi. Inaniuma, na sina pa kulalamikia.

Jana alimwita jirani yetu muuguzi, akamwagiza aje aniambie niandike barua hii. Nililoagizwa kuandika ni hili: yeye akifa, mimi nisiitwe kumtambua. Amesema uje wewe.

Kwa hiyo njoo, Kaka. Muuguzi anasema miguu ile si ya kuchelewa. Kama unaweza, njoo angali anatambulika kwa sauti yake mwenyewe.

Nisalimie wifi, na Kadogo, na yule mkubwa mwenye maswali yasiyokwisha. Shangazi naye mpe salamu, lakini haya usimwambie, moyo wake ni mdogo.

Mungu akutangulie njiani, na siku yake ikija, atukute mimi na Mama tunasemeshana.

Dada yako, anayekupenda na kukuhitaji,
Fundi